Kiatu Chenye Kisu

Robota lilikuwa la daraja la pili, viatu mchanganyiko,
nimelikopa kwa Chinguile,
maana hela za korosho hazijatoka,
chama cha msingi kinasema kesho,
na kesho ya chama cha msingi ina ndevu.

Nikakata waya.
Juu raba, raba, kandambili moja isiyo na mwenzake.
Chini, pale wanapofichaga uchafu,
kiatu kirefu cheusi, na badala ya soli, kisu.
Na wa pili wake.
Kisha magamba: ya ugoko, ya viwiko, ya kifua,
glavu nene kama mito ya makochi,
kofia ngumu yenye wavu wa chuma usoni,
utadhani dirisha la duka la dawa.

Bi Nantipi wa vitenge akasema ni vya kukunia nazi.
Kijana wa bodaboda akasema vya polisi wa huko.
Mimi kimya. Mwenye meza hakiri ujinga mbele ya wateja.
Ni Mkwemba, mpakia magunia bandarini,
aliyewahi kuonyeshwa na baharia kwenye simu:
watu wanateleza juu ya ziwa lililoganda,
wanakimbiza kidude cheusi kwa fimbo zilizopinda,
na wakipigana, refa kwanza anatazama.

"Ziwa lililoganda?" Bi Nantipi akauliza. "Na samaki?"
"Wako chini."
"Masikini."

Saa tisa akaja Somoe,
golikipa wa wasichana wa Chikongola,
kidole cha kushoto kina bandeji,
mkono wa kulia una elfu nane, imekunjwa mara nne.

Kalia ndoo, nikamwambia. Nyoosha mguu.
Gamba lianzie gotini, liishie kifundo kinapoanza.
Likizidi utatembea kama bata,
likipungua, njumu ya mtu itapaona hapo hapo.
La kifuani likambana. Tukalegeza mikanda.
Pumua. Akapumua.
Sasa ruka, kona imepigwa.
Akaruka, ngumi ikagonga turubai langu,
na maji ya mvua ya juzi yakatushukia wote,
na robota.

Ndani ya glavu kuna jina, wino umefifia.
Herufi moja ina nukta mbili juu yake, kama macho.
Mwenyewe alikuwa na mkono mdogo.
Alikua, nadhani. Ikambana, akaiacha.
Nataka kudhani alikua.

"Na hivi?" Somoe ameshika viatu vya visu.
Hivyo haviuzwi, nikasema,
kwa sababu sikujua bei.

Lakini mguu ulishaingia.
Thelathini na nane, kidole gumba kinagusa, kisigino hakichezi,
kamba zimepanda hadi juu kama ngazi.
Nimeuza viatu miaka kumi na mmoja,
sijaona kiatu kikimkaa mtu hivyo,
na hana pa kukivalia.

Mchilowa muuza changu ana pande la barafu chini ya gunia.
"Nusu dakika," akasema, "na mkilivunja mmelinunua."
Somoe akanishika bega.
Akapanda, mguu mmoja, akasukuma
shibiri moja, labda na nusu.

Bi Nantipi akageuka haraka:
alidhani kuna mtu anachana kitenge chake kipya.
Ndiyo sauti yake, kumbe.
Hatukucheka. Maji yalikuwa yanatuchuruzikia miguuni,
na ule mstari kwenye barafu, mweupe, mwembamba,
ulikuwa unafutika tukiutazama.

Glavu, magamba ya ugoko, la kifua: elfu kumi na mbili.
Ametoa nane.
Nne bado.
Jumamosi wanacheza na Mikindani.
Akifungwa sita, nitamwonea haya kumdai.
Asipofungwa hata moja
nitamdai pale pale, golini,
watu wasikie ni nani aliyemvalisha.