Uzi wa Kitani

Shangazi Fruma hauzi nguo wala hashoni.
Kazi yake ni kutafuta kosa.
Ana hadubini kuukuu ya shule, mguu wake umefungwa waya,
ana wembe, kibano, taa ya mezani,
na kiti ambacho mteja hakaribishwi kukikalia.

Antwerp, nyuma ya stesheni. Novemba.
Treni ikipita, vioo vyenye nyuzi vinanong'onezana,
naye huinua kiganja: ngoja ipite.
Kisha hurudi kwenye kola.

Amri ni fupi: usivae sufu na kitani pamoja.
Basi. Haikusema kwa nini.
"Usiibe" hata mwizi anaielewa,
ndiyo maana anafunga mlango wake.
Lakini hii?
Sufu ya kondoo, kitani ya shamba,
na mbingu zina ugomvi gani na koti?

Ndivyo alivyouliza Anshel, bwana harusi wa Jumanne,
koti lake jipya limelazwa mezani,
bitana imefumuliwa, tumbo wazi kama samaki.
Chini ya lenzi nyuzi mbili zilijitaja zenyewe:
wa sufu una magamba, umejikunja;
wa kitani umenyooka, una vifundo kama muwa.

"Upo," alisema Shangazi. "Ndani ya kola, kushoto."
"Euro mia nane nimelipa! Uzi mmoja. Nani atauona?"
"Mimi nimeuona."
"Na sababu yake?"
"Sijui."

Alilitamka bila haya,
kama mtu anayetaja mtaa aliozaliwa.

Kuuliza si ujinga. Walimu wameuliza karne kwa karne,
wakajibu, wakabishana, wakafa ubishi haujaisha.
Mimi mwenyewe sishiki; Jumamosi nawasha simu.
Zile mia sita na kumi na tatu nazijua kama majirani:
baadhi kwa jina, baadhi kwa kikohozi cha ukutani,
na nyingine zinalingojea Hekalu lisilokuwepo,
funguo za nyumba iliyobomolewa
ambazo hakuna anayethubutu kuzitupa.

Shangazi akashika kibano, akaanza kuuvuta uzi,
polepole, kama anayetoa mwiba kwa mtoto aliyelala,
na akasema, nadhani si kwa Anshel:
"Lazer wangu alitaka kikombe chake kushoto.
Wala hakuwa wa mkono wa kushoto.
Miaka thelathini na moja sikumuuliza.
Ningeuliza, angenipa sababu,
nami ningeitumikia sababu, si yeye."

Treni. Kiganja kikainuka.
Hata Anshel alizuia pumzi.

Alilipa, akaondoka na koti begani,
kola imeshonwa upya, haionyeshi kitu,
ila shingo yake, niliona dirishani,
aliibeba kwa uangalifu, kama sahani iliyojaa.
Mezani ukabaki uzi, urefu wa ukucha.
Nikaupuliza. Haukuwa na uzito wowote.

Saa kumi na moja kiza kilishashuka.
Nikachemsha chai, nikamwekea Shangazi kikombe, kushoto,
mkono wangu ukitangulia mawazo yangu.

Akakitazama. Akakisogeza kulia.
"Kushoto ni kwa Lazer," alisema akitafuta sukari.
"Mimi bado sijakuambia kitu."