Zamu ya Maji

Mama Aikande amelala chali, mikono juu ya kichwa
kama anayejisalimisha.
Ameshuka kutoka Kibosho alfajiri, tumbo tupu;
mkulima wa kahawa aliyekatazwa kahawa.

Moyo wake unakimbia: themanini na nane.
Nampa tembe. Tusubiri, namwambia, mashine haina haraka.
Namdanganya. Foleni imefika ukutani.

Zamani tuliachia mionzi ifululize,
pigo zima na pigo lijalo, tusije tukakosa kitu.
Picha zilitoka safi kama sahani za sikukuu
na hakuna aliyeuliza nani amezilipia.

Sabini. Sitini na mbili. Hamsini na tisa.
Sasa moyo unaonyesha kituo chake:
kati ya pigo na pigo unajaa, unatulia,
kwa muda mfupi kuliko kusema hodi.
Tutapiga hapo. Hapo tu.

Nilipomweleza, alicheka:
"Kumbe ni mfongo! Baba alikuwa mgawa maji.
Zamu yako ikifika unafungua, mgomba unakunywa, unaziba.
Ukilala ukaacha wazi,
wa chini yako anakauka, na wewe mizizi inaoza."

Nashusha kilovolti, maana ni mwembamba.
Napunguza urefu: shingo haina shauri hapa,
ini libaki na giza lake.
"Vuta pumzi, mama. Bana."
Mlio mmoja.
Wa pili.
"Pumua."

Daktari Kiwelu anainamia kioo. "Mbona ina chengachenga?"
Ina. Kama mtu amepepeta unga juu yake.
Lakini mshipa wa kushoto ni huu,
namfuatishia kwa kalamu, na hapa umebanwa.
Ananyamaza. Anasogeza kiti. Anauona.

Kwenye daftari naandika: milisiverti mbili na nukta moja.
Kurasa chache nyuma, mtu wa umbo hilihili,
kumi na nne. Mwandiko ni wangu.
Anakaa Majengo. Tunakutana sokoni,
ananiuliza watoto hawajambo,
ananichagulia nyanya ngumu.

Mama Aikande anafunga kitenge, anatafuta viatu kwa vidole.
Haniulizi habari za mshipa.
Anauliza kama sasa anaruhusiwa kahawa.

Kidogo, nasema.
Ananitazama.
Kidogo, mama.