Ulimi wa Reli

Jumanne, saa moja asubuhi, ukungu wa ziwa
bado umelalia mabati ya Obunga.
Natandaza ramani juu ya pipa la Wilkista Awino,
muuza makaa. Amelipangusa kwanza kwa kanga,
kisha anauliza: "Na mimi nimo humu?"

Umo, mama. Wewe ni kile kidoa cha penseli
kati ya kigingi cha kumi na saba na cha kumi na nane.

Namweleza. Njia kuu ni hii ya zamani,
mataruma yake yamezama udongoni.
Njia mpya itachomoka hapa, ipite nyuma ya viwanda,
iguse Kondele, itue Mamboleo,
ibebe wauguzi, wanafunzi, sukuma wiki ya alfajiri.
Lakini garimoshi si mbuzi, mama.
Halikati kona. Likitaka kubadili nia
linahitaji mita mia mbili za kufikiri
na mkunjo mpole kama ukingo wa beseni.

"Na nani hulibadilisha nia?"

Ulimi, nasema. Vyuma viwili vilivyochongwa vikawa vyembamba nchani.
Vikilala kushoto, vikilala kulia,
ni hivyo tu, na tani mia tano zinatii.
Sisi mafundi twauita ulimi wa reli.

Akacheka hadi gunia likamwaga makaa.
"Ulimi! Ulimi hauna mfupa.
Mwaka ule wa vigingi vyekundu
alikuja mwenye kofia ngumu, akasema fidia mwezi wa nane.
Mwezi wa nane umeshapita mara sita.
Huo wako una mfupa?"

Ni mfupa mtupu, nikajibu,
nikanyamaza,
maana huu mwingine, wa kinywani,
nao ulikuwa umetumwa kusema mwezi wa nane.

Njia mbili zilimshinda fisi, ndivyo tulivyofunzwa.
Hakuna aliyetuambia kwamba fisi hakuwa na mshika pointi.
Babu yake Wekhomo, msaidizi wangu, alikuwa mmoja, pale Kibos,
kazi yake kuvuta wenzo uliomzidi kimo.
Hata alipostaafu, asema Wekhomo,
mkono wake wa kulia uliendelea kuvuta usingizini,
na mkewe akajifunza kulala kushoto.

Jioni, ofisini, narudia hesabu.
Nikisogeza maungio mita arobaini kuelekea Kibos,
pipa la Wilkista linabaki,
vyoo vya chekechea vinaondoka.
Nikirudi mita kumi, vyoo vinapona,
lakini kona inakaza, na magurudumu yatapiga kelele
usiku kucha dirishani mwa wodi ya wazazi.
Nafuta. Nachora. Nafuta.
Karatasi imeanza kuota manyoya.

Mhandisi Adhola anapita na kikombe cha chai.
"Bado hujatia wino?"

Bado.
Pembeni mwa ramani pana alama ya kidole gumba,
ya makaa, alipoegemea akijitafuta.
Raba haiifuti, inaitandaza tu.
Nimeizungushia duara, nikaandika kando yake:
kigingi cha kumi na saba na nusu.