Hakimu wa Isevya

Naandika kwa kalamu nyekundu, nyuma ya risiti
za ghala la tumbaku lililofungwa.
Kibanda ni cha Mzee Kasubi: mabati kumi na sita,
luninga tatu, moja ina ufa mrefu kama mto Igombe.
Mechi ni shilingi mia tatu. Mimi sitozwi.
Mimi ndiye ninayesema gemu ipi inunuliwe
na ipi irudi kwa muuzaji wa Cheyo.
Wameniita Hakimu. Sikulikataa jina.

Nianze na ile ya vita, iliyoletwa Mei.
Damu yake inang'aa kama rangi ya mdomo.
Askari anakufa, anahesabu hadi tano,
anainuka, anadai risasi.
Siku ya nne nilimkuta Mashauri, wa darasa la sita,
amesinzia na padi mkononi,
kidole gumba bado kinafyatua.
Alama nne. Mbili kati ya hizo ni za ukungu wa alfajiri:
aliyeuchora amewahi kuamka mapema.

Ya shamba: unapanda, na mvua inakuja
dakika ileile iliyoandikwa.
Mbolea haichelewi. Hakuna mnunuzi wa kukwambia
"daraja la tatu" huku akitazama pembeni.
Mama aliiona akacheka hadi akashika kiuno:
"Hicho si kilimo, mwanangu, hiyo ni harusi."
Nilitaka kuipa mbili. Nikaipa tano,
maana kesho yake alirudi kuuliza
mahindi yamefikia wapi.

Kuna moja ya nyuki. Sitaiandika.
Nyuki asiyeuma ni inzi aliyepakwa rangi,
na huu ni mji wa asali, tuheshimiane.

Ya mpira siihukumu. Refa wake haonekani,
kwa hiyo hakuna wa kumtukana,
na mechi isiyo na wa kutukanwa ni hesabu tu.
Vijana wameninunia wiki nzima kwa neno hilo.

Sasa ya treni.

Baba alikuwa msaidizi wa dereva miaka thelathini na mmoja.
Udereva wenyewe hakuwahi kuandikiwa.
Kibandani hakuwa ameingia hata mara moja;
siku hiyo alifuata funguo ya stoo
akaikuta luninga ya kati, theluji tupu,
na injini ya buluu ikishuka mlima.
Hakuketi. "Breki umechelewa," akasema.
Nikagonga.

Akaomba padi. Aliishika
kama mtu anavyoshika simu isiyo yake.
Stesheni ya kwanza akafika kwa sekunde yake,
gemu ikampigia kengele, ikamwagia nyota.
Ya pili vilevile. Wateja wakaanza kusogea karibu.
Halafu, porini, pasipo na stesheni wala taa,
akasimamisha treni akaiweka padi mezani.

"Mbona umesimama?"
"Naipisha ile ya kutoka Kigoma. Njia ni moja."

Nikamwambia, baba, humu hakuna treni nyingine.
Gemu ikaanza kumnyofoa alama:
kumi, ishirini, mia.
Mzee Kasubi akakohoa kile kikohozi cha fedha.
Baba akaendelea kuitazama reli nyeupe,
theluji ikijaa juu ya kioo,
mikono magotini, kama mtu aliyelala Malongwe
usiku mwingi kiasi cha kujua
kwamba taa ya mbele hutangulia mlio.

"Basi aliyeitengeneza," akasema mwishowe,
"hajawahi kumngoja mtu."

Nimeandika: michoro, tisa.
Sauti ya magurudumu kwenye maungio ya reli, nane;
hiyo baba mwenyewe aliikubali, kwa kichwa.
Jumla niliandika saba, nikafuta.
Nikaandika sita. Nikafuta, karatasi ikatoboka.
Muuzaji wa Cheyo anataka jibu kesho saa nne.

Funguo ya stoo hakuichukua.