Usiku wa Themanini na Tatu

Mkataba una kurasa arobaini na moja,
Syombua ana mstari mmoja ndani yake:
namba kumi na saba, mwanamke, makadirio miaka hamsini,
kibarazani pa duka la vipuri, Barabara ya Kirinyaga.
Akilala ndani usiku tisini mfululizo
pesa zinatoka.
Akilala themanini na tisa, hazitoki.
Fedha hizi hazinunui uji, walituambia kwenye semina,
wala blanketi; zinanunua matokeo.
Tukapiga makofi. Chai ilikuwa na maziwa mengi.

Basi mimi ni karani wa usingizi.
Saa nne usiku nashika tochi na fomu,
napanda ngazi za ploti pale Huruma, ghorofa ya tatu,
nabisha hodi kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamsha,
ilhali nimekuja kuhakikisha kwamba amelala.

Usiku wa kwanza hakukigusa kitanda.
Alitandika katoni mlangoni, viatu miguuni,
miguu nje, ukumbini.
"Kuta nne ni nyingi," alisema.
"Mimi nimezoea mmoja."
Fomu inauliza: Yumo ndani? Ndiyo. Hapana.
Kichwa kilikuwa ndani. Nikatia alama.

Usiku wa tisa akauliza ni nani hulipwa yeye akilala.
Nikamtajia: mwekezaji, shirika, mkaguzi,
kisha mimi, mwisho wa foleni.
Akacheka mpaka jirani akagonga ukuta.
"Miaka yote askari wa kaunti wananiamsha bure,
kumbe usingizi wangu una bei!
Muulize tajiri wako: nikiota ndoto,
anaongeza ngapi?"

Usiku wa arobaini shuka lilikuwa na mikunjo.
Sikusema kitu. Nilishuka ngazi mbilimbili kama mtoto.

Wa hamsini na sita: amenunua sufuria.
Wa sabini: sufuria ina mfuniko.
Fomu haina mahali pa mfuniko.

Wa themanini na tatu, mlangoni kuna kufuli.

Nilijua pa kwenda.
Mvua ya Aprili ilikuwa imefumua mitaro,
barabara inanuka grisi na maji ya choo,
na pale kibarazani, chini ya turubai la mwenye duka,
Syombua ameketi, mgongo ukutani,
kichwa cha Mbuvi mapajani mwake.
Mbuvi si namba. Siku ya kuandikishwa alikuwa rumande
kwa kosa la kulala.
Anakohoa kama mtu anayekokota mabati.
Juu yake blanketi la bluu, lile letu, lenye nembo.

"Nilimleta kule," akasema. "Mwenye ploti akakataa,
chumba ni cha mtu mmoja, ndivyo karatasi isemavyo.
Sasa ulitaka nilale?"

Nikachuchumaa. Simu nne za gari la wagonjwa hazikushikwa;
ya tano ikashikwa.
Kodi yangu mwenyewe ina miezi miwili,
mshahara wangu umelala kitandani kwa Syombua,
na Syombua hayupo kitandani.
Zilibaki alama saba tu. Kalamu ilikuwa mfukoni.
Mkaguzi yuko mbali, tena huona kwa macho ya karatasi.

Yeye aliiona kalamu kabla sijaitoa.
"Usinidanganyie," akasema. "Andika nilikuwa nje.
Andika na kwa nini."
Nikamwonyesha: nafasi ya kwa nini haipo.
"Si upindue."

Nikapindua. Mgongo wa fomu ulikuwa mweupe pe.
Gari likafika saa kumi kasoro, likawabeba wote wawili,
Syombua akigombana na dereva juu ya blanketi,
nami nikabaki na katoni iliyolowa,
nikiandika kwa tochi inayofifia,
sentensi moja, nyingine, nyingine,
mpaka Lusweti, mlinzi wa zamu,
aliponigusa bega kwa rungu:
"Bwana, amka. Hapa hapalaliwi."