Muhali

Kuno kwetu Mtambwe maji yalikuwa yakitoka saa nane za usiku,
komba akilia minazini kama mtoto mchanga,
na aliyeamshwa hakuwa Faki wala Hamadi.
Aliyeamshwa ni binti.
"Inuka, yasije yakakatika."
Ndoo kichwani, jicho moja limelala,
hatua mia mbili na kumi na nne hadi mferejini.
Nimezihesabu.
Ya sitini unaucha ukuta wa skuli,
ya tisini unapita ubavuni mwa gofu
ambalo mwenyewe yuko Maskati
na saruji ilimwishia madirishani.
Hapo ndipo.

Tulikuwa saba barazani kwa Bi Mkasi, tunachambua karafuu.
Tukauchora mji kwa makonyo juu ya jamvi:
konyo hili njia, konyo hili mfereji,
karafuu moja moja zikawa nyumba.
Bi Mkasi akasema, kila mtu aweke kokoto
pale ambapo mwanawe hupita mbio.
Kokoto zikajaa gofuni hata njia ikapotea.
Kimya.
Kila mmoja alikuwa anajua peke yake.
Hatukujua kwamba tunajua sote.

Tukamwendea Haji Kombo, mshika funguo wa pampu.
Akasema umeme. Akasema bomba dogo.
Akasema, "Nyie wanawake."
Tukaziacha ndoo tupu uani kwake, arubaini na moja,
midomo juu.
Mkewe akakosa pa kuanika dagaa.
Siku ya tatu maji yalitoka saa kumi, alasiri, jua linawaka.

Na gofuni Raya alipanda ngazi na taa ya sola,
wavulana wanne wameishika ngazi,
macho chini, kwa adabu waliyolazimishwa.

Likabaki daftari.
Mwandishi ni mie, maana mwandiko wangu unasomeka.
Siku. Saa. Mahali. Nani.
Safu ya nne ndiyo ngumu,
kwani tunalo neno letu wenyewe: muhali.
Ni jirani, muhali.
Ni mkwe, muhali.
Babake alimuosha maiti baba yako, muhali.
Kwa muhali kesi huingia kwa sheha kwa miguu yake
ikatoka imebebwa.

Juzi akaja Zumra, wa darasa la sita.
Hakukaa. Alisimama kizingitini
akivuta uzi wa mtandio, uzi ule ule, hata ukakatika.
Akataja siku. Akataja saa, akataja mahali.
Kisha akanitazama.
"Bi Mize, nikikutajia, utaandika?"

Nikajua kabla hajatamka.
Mtoto wa kaka yangu.
Niliyemtia wanja mie siku ya arubaini,
niliyemshonea kanzu ya Idi,
anayeniita shangazi kwa sauti ya kuomba chai.

Upande wa pili wa ukuta wifi yangu alikuwa anakuna nazi.
Kru. Kru. Kru.
Na mie naandika.
Majina matatu, kama polisi wanavyotaka.
La tatu
ni la baba yangu.

Tulikwenda Wete asubuhi, mie na mamake Zumra na daftari ndani ya mkoba wa ukili.
Kwenye dawati la jinsia askari wa kike aliuliza,
"Huyu ni nani yako?"
Nikamwambia.
Akaweka kalamu chini, akaichukua tena.

Wifi hajibu salamu yangu.
Kaka hapiti mlangoni, huzunguka kwa nyuma, kwenye migomba.
Usiku nasikia nyumba yao ikinong'ona
na mkono wangu wa kulia nauweka chini ya mto.
Sisemi kwamba nimetulia.

Jana saa kumi nilimwona Zumra mferejini.
Hakuniamkia.
Alikuwa anagombana na mwenziwe juu ya foleni,
ndoo ya nani mbele, ndoo ya nani nyuma,
kwa sauti kubwa,
mkono kiunoni,
kwa sauti yake yote.