Kadi za Bogna

Mimi ni dereva. Kazi yangu ni kufika.
Lakini huu mwaka wa pili, kati ya simu na simu,
nashika kadi zake zilizofungwa kwa mpira,
nazimulika kwa taa ya dashibodi, nauliza:
«Hatua za kidonda cha kulalia?»
Hujibu kafumba macho,
kidole kikihesabu juu ya goti:
ya kwanza, ya pili, ya tatu,
na ile ya nne, inayochimba hadi mfupani,
humponyoka kila mara
kama sabuni.

Suwałki, Januari. Ishirini na mbili chini ya sifuri.
Chupa za dripu tunazilaza kifuani, ndani ya jaketi,
kama vifaranga, zisigande.
Mchana, mchana, usiku, usiku,
kisha siku inayoitwa ya mapumziko,
ambayo huimalizia wodini, mwanafunzi,
akifundishwa kutandika shuka
na msichana aliyezaliwa
mwaka ambao Bogna alifufua mtu wake wa kwanza.

Mlangoni mwa friji yake kuna ratiba ya rangi mbili:
nyekundu ni kazi, buluu ni chuo.
Tymon, mwanawe, ameongeza ya tatu.
Vidoa vya kijani: mama yupo.
Mwezi huu nilivihesabu. Vitatu,
na kimoja kimefutwa.

Mshika mbili, wanasema watu kituoni.
Nawacheka. Huyu ameshika nne,
na ya tano ni usukani wangu
nikianza kusinzia.

Nilimwuliza mara moja tu: ni mshahara?
Akafuta ukungu kiooni kwa mkono wa sweta.
«Miaka kumi na moja nabisha hodi,» akasema.
«Nimechoka kuondoka.»

Ni kweli, tunawajua watu kwa dakika arobaini.
Tunajua zulia lao, jina la mbwa wao,
sahani zilizolala bila kuoshwa.
Tunawakabidhi, tunasaini, mlango unajifunga wenyewe.
Kama waliamka kesho yake,
hilo ni la watu wengine.

Jana, saa tisa usiku, njia ya Bakałarzewo,
theluji ikifika magotini. Bi Genowefa
ameanguka kutoka kitandani, mwepesi kama kapu tupu.
Mkwewe amesimama na taulo, haya zimemjaa.
Bogna akamgeuza ubavu, taratibu,
akaona nyonga.
Akanyamaza.
Kisha, bila kumwambia yeyote:
«Ya nne.»

Nilitamani siku hiyo pia asahau.

Hospitalini tulikabidhi, tukasaini.
Mlango ukajifunga, naye akabaki upande wa ndani.
Kupitia kioo nilimwona akiweka mto chini ya mguu wa bibi,
akiutoa, akiukunja, akiuweka tena.
Redio ikatuita. Ikatuita tena.
Nikajibu kwamba gari linasumbua kuwaka,
nalo lilikuwa linanguruma
hadi mlinzi akageuka kunitazama.
Dakika nne nilidanganya.
Sijaungama.

Na leo mtihani, saa mbili asubuhi.
Nimemleta kwa Skoda yangu, hita imefunguliwa yote,
supu ya bitiruti katika chupa ya chai.
Niliuliza swali la kwanza. Kimya.
Amelala mdomo wazi, alama ya barakoa
bado imechorwa puani.
Nikasoma kadi zilizobaki peke yangu, kwa sauti ndogo,
maswali na majibu,
labda yatapenya.
Mwakani kiti hiki atakikalia kijana fulani
na simu yake, asiyetaka kuulizwa chochote.

Saa mbili kasorobo nikamgusa bega.
Akashtuka: «Mgonjwa yuko wapi?»
«Hakuna mgonjwa. Kuna mtihani.»
Akacheka, akanywa funda moja, akashuka,
glavu moja kaisahau kitini.

Nimefika, nimemfikisha.
Kwa kawaida hapa natia gia.
Nikazima injini.
Baridi ikaingia polepole,
ikaketi upande wake.